Matanga ya Rigobeti

Kitangari, Newala
4 Agosti 2024

Kwako mke mwenzangu Naima,

Mwenye nyumba halali anakusalimu. Mimi ni mzima, ila goti la kulia linajifanya zee kuliko mimi. Babu yako alikufa akisema wewe ndiye mke wake mdogo, basi nakuvumilia hivyohivyo, na shikamoo yangu utaileta mwenyewe ukija.

Huku mikorosho imeanza kutoa maua. Mjomba wako Mudathiri anatoka alfajiri kupulizia salfa, anarudi wa njano kama kifaranga, halafu anataka kukaa kwenye kiti changu. Nimemwambia akae kwenye gunia. Yule kuku mweusi alikimbilia uvunguni kwangu kutotoa. Nilimmulika kwa tochi, vifaranga wapo saba, mmoja hana adabu kabisa.

Simu yangu bado ni marehemu. Iliponiponyoka nikichungulia maji yamebaki kiasi gani kisimani, tuliiopoa kwa ndoo, nikaifukia kwenye mchele kama ulivyoagiza. Mchele tumeshaula. Kwa hiyo tuendelee na barua. Konda wa basi la Masasi ni muungwana, nampa ming'oko ya kuchemsha, viazi vyetu vya porini, ananipa bahasha yako na flashi yangu ya tamthilia.

Sasa kuhusu hiyo flashi. Tuliichomeka kwenye TV siku ileile, sola ilikuwa imeshiba jua. Watu walijaa sebuleni mpaka mlangoni, Mama Shakila alikuja na kigoda chake na cha mgeni ambaye hakutokea. Naima, Rigobeti amekufa. Yule kijana aliyemuuguza mama yake kipofu tangu kipindi cha kwanza, aliyemsamehe kaka yake wa kambo mara tatu! Kaka huyohuyo kamkatia breki za gari, likapaa kutoka jabalini na kuingia baharini. Yule DJ anayetutafsiria, mwenye sauti ya kukwaruza, akasema "kwaheri kijana wa watu." Halafu TV ikaandika hakuna faili. Sikulia hivyo hata niliponyang'anywa shamba la bondeni.

Tumeweka matanga. Usicheke, najua unacheka. Na hapa ndipo barua inapokuhusu: nyumba yenye matanga haipokei posa. Mwambie huyo Hamudi wako wa "kwa maana hiyo" awaambie wazee wake wangoje mpaka arobaini. Alipokuja Idi nilimsikiliza, alisema kwa maana hiyo hata alipokuwa anaomba chumvi.

Na wewe unayefanya kazi kwenye kibanda cha tamthilia, usithubutu kunisimulia ya mbele. Unakumbuka uliponitobolea kwamba baba wa mtoto ni daktari? Nilikununia masika yote. Safari hii nitakununia mpaka mikorosho inyauke.

Mke mkubwa,
Stamili


Masasi
13 Agosti 2024

Bibi yangu Stamili,

Shikamoo. Na shikamoo ya pili ni ya goti.

Huku kwetu hatujambo, vumbi tu limehamia ndani na sasa linataka kulipa kodi. Kibandani kazi ipo. Jana alikuja mzee mmoja na redio kaseti kubwa kama begi la harusi, akasema nimwingizie nyimbo zote. Nikamuuliza zipi? "Zote." Nikamwonyesha kwamba redio yake haina pa kuchomeka flashi, akaniangalia kwa huruma akaniambia labda sijasoma vizuri. Kukiwa hakuna wateja nasoma riwaya niliyoazima kwa Esther wa duka la jirani, ya mwanamke anayemficha mumewe kwenye pipa la mahindi. Nimeshasoma ukurasa wa mwisho, sasa narudi mwanzo taratibu. Najua hiyo tabia huipendi.

Bibi, pole na msiba. Nimejaribu kuliandika hilo bila kucheka na nimeshindwa. Rigobeti ni mwigizaji! Watu wanamlipa ili aanguke baharini. Anatoka, anajifuta, anakula wali.

Sisemi la mbele, nimeapa. Ila nikukumbushe uliyoyaona kwa macho yako mwenyewe: je, maiti ilionekana? Basi. Nimenyamaza.

La kwangu lakini si la mchezo. Tulikubaliana posa iletwe mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Mjomba mkubwa wa Hamudi ameshafika Tandahimba kutoka Msumbiji, na kwao bila yeye kufungua mdomo posa haijaletwa. Msimu wa korosho ukianza anavuka Ruvuma anarudi zake, tutamwona tena Mungu akipenda. Shangazi yake Hamudi ameshaanza maneno, anasema labda watu wa Kitangari hawawataki, na eti kuna msichana wa jirani yao anapika vizuri sana. Sasa nikamwambie nini mwanamke kama huyo? Kwamba nyumba yetu ina msiba wa mtu wa kwenye TV?

Naomba Bibi ufikirie.

Halafu nina swali. Ulimmulika kuku kwa tochi gani? Tochi pekee ninayoijua kwako ni ile ya simu.

Mjukuu wako (siyo mke mwenza),
Naima


Kitangari
1 Septemba 2024

Mke mwenzangu,

Barua yako ilichelewa. Konda aliipitisha akaenda nayo Tandahimba, ikalala huko, ikarudi na harufu ya mabibo wakati hata mabibo bado. Tunaendelea vizuri. Mbaazi zimeiva, mjomba wako ameacha salfa, amerudi rangi yake ya zamani, na sikumbuki kama ndiyo niliyokuwa naipenda. Kifaranga asiye na adabu ameingia kwenye sufuria yenye maji, katoka mzima. Nimempa jina la Rigobeti, kwa kumbukumbu.

Swali la tochi nimelisoma.

Ngoja nikusimulie matanga, maana uliyakosa na hayatatokea tena. Tulipika ubwabwa na maharage. Maalim tulimwita, akaja, akakaa, akasema, "Bi Stamili, nitawaombea dua mzee wako na wote waliotutangulia. Huyo wa kwenye TV sijui hata kama ameshalipwa." Akaomba dua nzuri, akala sahani mbili. Mtu mwenye busara.

Mara hata sahani hazijakusanywa, watani wakaingia. Unawajua, ukoo wa Mama Shakila ni watani wetu tangu mabibi wa mabibi, msiba wetu ndiyo sikukuu yao. Tulipomzika babu yako walilala kitandani mwake wakaagiza chai. Sasa safari hii! Mama Shakila kavaa koti la babu yako, sijui kalichukua saa ngapi, na miwani ya jua ya Mudathiri, kakaa ndani ya toroli. Wenzake wanalisukuma uani mbio, yeye kashika kifuniko cha sufuria kama usukani anapiga kelele, "Breki! Jamani nani kakata breki?" Toroli likaenda moja kwa moja mpaka shimo la taka. Likatumbukia naye! Miguu juu, miwani bado iko usoni.

Nilicheka mpaka goti likasahau. Waombolezaji wote walicheka, na Maalim alitoka nje akajifanya anatafuta viatu.

Kumbe bado. Wakaja na shina la mpapai wamelifunga shuka, wamelibeba begani, wanasema, "Maiti yenu tumeivua sisi baharini. Mkiitaka, toeni jogoo." Nikasema sitoi. Wakasema basi wataiacha hapohapo mlangoni iwe inanisalimia kila nikitoka. Nikatoa jogoo, yule mwekundu, si utani. Ndiyo desturi, mtani akidai msibani hunyimi.

Kwa hiyo unaona mwenyewe mambo yamefika wapi. Jogoo akishatoka kwa msiba, huo ni msiba. Siwezi leo kusema hakuna aliyekufa halafu nipokee wageni wa posa kwa shangwe, Mama Shakila atanitembeza Kitangari nzima mpaka nijute kuzaliwa. Subirini arobaini. Huyo mjomba wa Hamudi kama ni mjomba kweli atangoja. Msumbiji haihami.

Stamili, mwenye msiba


Masasi
10 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi nzima, vumbi zima.

Leo sina mzaha mrefu. Shangazi yake Hamudi amempigia simu akamwambia wazi kwamba mjomba hataki kukaa anahesabiwa siku. Akasema pia yule msichana wa jirani ameleta mboga nyumbani kwao. Bibi, ameleta mboga! Mtu haleti mboga bure.

Nampenda Hamudi. Nakuambia wewe kwa sababu mama hayupo wa kumwambia na wewe ndiye uliyenilea. Anachomea vyuma Ndanda siku nzima, na jioni anakuja Masasi na macho mekundu, ananiletea vipande vya geti alivyovikunja vikawa maua. Maua ya chuma yamejaa chumbani, nikigeuka yananichoma. Simtaki mwingine.

Kwa hiyo naomba nikuulize kama mtu mzima. Hivi kweli ni Rigobeti? Au humtaki Hamudi? Kama humtaki sema, nitalia kisha nitakuja kubishana nawe ana kwa ana.

Na nyongeza ndogo, ambayo si kusimulia: bahari ina visiwa. Somo la jiografia tu hilo.

Naima


Kitangari
22 Septemba 2024

Naima,

Visiwa! Visiwa! Nilisoma hapo nikaifunga barua, nikaenda kuchuma kisamvu nisichokihitaji. Nimekuambia usinisimulie, unanifundisha jiografia. Mtu anayeanza kitabu kwa ukurasa wa mwisho hawezi kukabidhiwa hata chumvi.

Hatujambo. Mvua bado, kisima kimeshuka, tunanunua maji ya ndoo. Mudathiri amenunua pawabenki kutoka kwa mchuuzi, inajaa siku mbili na inaisha ukiitazama.

Suala la arobaini nimelifikiria zaidi. Rigobeti alikufa majini. Aliyekufa majini arobaini yake huhesabiwa kuanzia siku maiti itakapoonekana. Nilimuuliza Maalim, akasema hajawahi kusikia jambo hilo. Maalim bado ni kijana.

Uliuliza kama namtaka Hamudi. Kifaranga Rigobeti anaota manyoya.

Stamili


Masasi
12 Oktoba 2024

Bibi mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo kwa kifaranga.

Natuma hii pamoja na flashi. Ni vipindi vipya. Yule DJ wa sauti ya kukwaruza bado hajavitafsiri, wanasema amekwenda kwao kulima. Ila amepatikana DJ mpya, anajiita DJ Cheche. Bado mchanga kwenye kazi, umvumilie. Amesaidiwa na mwanamke mmoja kwenye baadhi ya sauti, simjui.

Sikuambii kilichomo ndani. Itazame mwenyewe pamoja na mashahidi wote, na Mama Shakila awepo. Ukimaliza utaniandikia kama matanga bado yapo.

Korosho zimeanza kuanguka, mjomba wa Hamudi bado yupo lakini ameshaanza kufunga mizigo. Swali langu la mwezi uliopita ulilijibu kwa manyoya ya kifaranga. Nalisubiri jibu lake halisi.

Wako,
Naima


Kitangari
27 Oktoba 2024

Kwako Naima, na kwake huyo DJ Cheche aliye karibu yako unaposoma, maana najua yupo,

Nawasalimu wote wawili. Mimi mzima, goti zima, nyumba nzima ina mafua ya kucheka.

Flashi ilifika Alhamisi. Niliwaita wote kama ulivyotaka. Tukachomeka. Tunaona kisiwa, tunaona nyumba ya masista, tunaona kitanda, na kitandani yupo Rigobeti kafungwa bandeji kichwani. Mama Shakila akaruka na kigoda chake. Mimi sikuruka, mimi nilikaa. Sista akamsogelea na bakuli, akafungua mdomo, na kwa sauti ya mwanamume mwenye kikohozi cha moshi wa kuchomea vyuma akasema: "Umeamka. Kwa maana hiyo, kunywa uji."

Naima, sebule nzima ilinigeukia.

Rigobeti akajibu kwa sauti ileile, "Mimi ni nani, kwa maana hiyo?" Daktari akaja, naye kwa maana hiyo. Mama kipofu akaonyeshwa kwake analia, analia kwa maana hiyo. Mudathiri alianguka kwenye gunia lake. Halafu yule kaka mbaya akatokea, anaongea kwa sauti ya mjukuu wangu niliyemfundisha mwenyewe kusema, anajikaza sauti iwe nzito. Katikati ya bahari, hakuna hata mtumbwi, ikasikika honi ya bodaboda na mtu anasema, "Dada, niwekee singeli." Samaki wa huko nao wanapenda muziki, sikujua.

Lakini kuna pahala sikucheka. Rigobeti anakunywa uji, mdomo umeshafungwa kwenye bakuli, na sauti bado inaendelea. Inasema, "Bibi, nisamehe kama nakuogopesha. Nikioa kwenu sitakuja kuchukua mtu. Nitakuja kuongeza mtu." Hakuna tamthilia yoyote ya huko ng'ambo yenye maneno hayo. Mama Shakila alinitazama, nikajifanya macho yameingiwa na salfa. Salfa yenyewe iliisha Agosti.

Sasa nakujibu swali lako, bila manyoya. Hamudi namtaka. Namtaka tangu Idi, tangu alipokula ugali wangu ulioungua akaomba mwingine. Nisichokitaka ni Ndanda. Ukiolewa utahamia kwake, na basi letu halipiti Ndanda. Nani atanipa flashi? Nani atanieleza habari za wazee wenye redio kaseti? Rigobeti alipokufa nililia kweli, usinidharau, lakini kesho yake nikaona msiba huu una faida, nikaukumbatia. Mtu akikosa sababu yake mwenyewe huazima ya jirani. Basi, nimesema, nimechoka, tusirudie.

Matanga yameondoka siku ileile. Watani walipiga vigelegele. Nilimdai Mama Shakila jogoo wangu, maana aliyekufa hakufa. Akasema, "Jogoo hafufuki, yeye hakuwa wa tamthilia." Tena ananitoza faini ya kuwalisha watu matanga ya mtu aliye hai, na amekataa kuku. Anataka kukaa mbele kabisa siku ya posa, amevaa lile koti. Nimekubali. Waambieni wageni wasishtuke.

Posa ije Jumamosi ya tarehe tisa Novemba, mjomba wa Hamudi aahirishe mizigo. Ya mahari watazungumza na Mudathiri, hilo ni la wanaume na kelele zao. Mimi kama bibi nina sharti langu la pembeni. DJ Cheche atasimulia vipindi vyote vilivyobaki mpaka mwisho, kwa sauti yake, akiwa Ndanda au akiwa popote, na flashi itafika Kitangari hata kama itabebwa na mbuzi. Asimuue mtu bila kuniuliza. Wewe usimfanye kaka mbaya tena, huna ubaya wa kutosha.

Na yule msichana wa mboga, mboga zake zipokelewe, ziliwe, na ashukuriwe.

Nawabusu. Nakungoja, mke mwenzangu.

Stamili

Nyongeza: Simu ni nzima tangu Julai. Mchele ulifanya kazi, na tochi inawaka vizuri sana. Naiweka imezimwa kwa sababu ukipiga huandiki, unasema "haya Bibi, baadaye" na yanaisha. Kwa maana hiyo, usipige.